Mpwa wangu yuko shule ya serikali Texas, Kiingereza hajui, shule inataka kumpima akili. Ana haki gani?

Mjomba wa Ipagala

Mbukwenyi wadau, poleni na vumbi la wiki hii. Naomba msaada kwa yeyote anayezijua shule za serikali za Marekani maana mdogo wangu ananitumia voisi za kulia usiku kwa usiku na mi sina cha kumjibu.

Iko hivi. Mdogo wangu wa kike na mumewe walipata ile bahati nasibu ya grini kadi, wakaondoka hapa Dodoma na watoto wao wawili wakaenda Texas, sio Houston yenyewe ni kamji pembeni huko ambako Waswahili ni wa kuhesabu. Watoto walikuwa wanasoma shule ya msingi ya serikali Nkuhungu, Kiswahili mwanzo mwisho, Kiingereza chao ni kile cha gudi moning ticha basi. Huyu mkubwa ana miaka 12 na sio kilaza jamani, hesabu alikuwa anaongoza darasa, mwalimu wake alikuwa anampa madaftari ya wenzie asahihishe.

Huko wamemweka na watoto wa umri wake, sawa, ila siku nzima anakaa nyuma, mwalimu anaongea weee yeye anaangalia tu, wenzie wakifanya hesabu yeye anapewa picha ya bata apake rangi. Mtoto wa miaka 12! Sasa juzi imekuja barua kwamba wanataka kumpima kama ana tatizo la kujifunza kwa sababu haongei na haandiki. Na aliyemsomea mama hiyo barua ni dogo mwenyewe, anatafsiri kwa simu, maana mdogo wangu naye Kiingereza chake ni cha kubahatisha na shemeji anashinda kazini.

Kama haitoshi kuna mama mmoja Mkongo wanasali wote, akaangalia makaratasi ya siku ya kuandikisha, akakuta moja mdogo wangu aliyosaini ni ya KUKATAA darasa la watoto wasiojua Kiingereza. Yani alikataa msaada kwa mkono wake mwenyewe, kisa dogo alimwambia saini tu mama hii ni ya kawaida.

Nauliza, mtoto kama huyu ana haki yoyote kisheria au ndo wageni tunyamaze tushukuru? Hiyo karatasi inafutika? Na shemeji anaogopa wakilalamika itawaharibia makaratasi yao, ni kweli?

Dada wa Kisasa

Pole sana mjomba. Mi nimeishi Ohio na wanangu wamepita hukohuko kwa hiyo nakuambia nilichokiona.

Kwanza mwambie mdogo wako aache leo hii kumtumia mtoto kama mkalimani. Shule ndo yenye wajibu wa kuzungumza na mzazi kwa lugha anayoielewa, na mkalimani ni bure, mzazi halipi hata senti. Sio mtoto, sio mwanafunzi mwenzie, sio jirani wanayemuokota koridoni. Akienda ofisini aseme maneno mawili tu, Swahili interpreter, afu akae asubiri. Wana huduma za wakalimani wa simu, Kiswahili kinapatikana sana kule kwa sababu ya wakimbizi wa Kongo. Mi nilikuwa napata wakalimani wa Bukavu na Uvira, kuna maneno mnapishana kidogo mnacheka ila mnaelewana vizuri.

Na unaona mtego wa kumtumia mtoto, mtoto wa miaka 12 hataki aonekane tofauti na wenzie, ukimpa karatasi ya kumtoa darasani aende darasa la wageni lazima atakuambia mama hii ya kawaida. Sio kwamba ni mjanja, ni mtoto.

Pili siku ya kuandikisha kuna fomu ya lugha ya nyumbani, inauliza nyumbani mnaongea lugha gani muda mwingi na mtoto anaongea lugha gani. Wabongo wengi wanaandika Kiingereza kwa kuogopa kuonekana washamba au wakidhani mtoto atashushwa darasa. Kosa kubwa sana. Hiyo fomu ndo inayofungua mlango, ukiandika Kiswahili shule inalazimika kumpima mtoto Kiingereza chake, ukiandika Kiingereza wanakuchukulia kama mmarekani mwingine, na mtoto anazama kimyakimya. Uliza aliandika nini.

Kona ya Jamatini

Mjomba acha kujipa presha. Marekani ya saivi sio ile, Trump kasaini Kiingereza ndo lugha ya taifa, hizo haki za wageni zote zimefutwa. Mwache dogo akomae, sisi si tulitupwa fomu wani bila kujua hata kuomba ruhusa ya choo na tukatoka? Mtupe mtoto majini ataogelea tu.

Wakili Uchwara

Kona hapo umechanganya amri ya rais na sheria. Ngoja nieleze, mi nimesoma sheria UDOM na haki za lugha ndo ilikuwa mada yangu ya utafiti, kwa hiyo hapa nitaongea kidogo mnivumilie.

Msingi wa yote ni sheria ya haki za raia ya mwaka 1964. Ile sura ya sita yake inasema taasisi yoyote inayokula hela ya serikali kuu haiwezi kumbagua mtu kwa rangi wala asili ya taifa lake, na shule za umma zote zinakula hiyo hela. Sasa San Francisco kukawa na watoto wa Kichina karibu 1,800 wamewekwa darasani hawajui Kiingereza na hawapewi msaada wowote, wazazi wakaenda mahakamani, shule ikajitetea kwamba sisi hatujambagua mtu, wote tunawapa kitu kilekile. Kesi ikafika hadi mahakama kuu kabisa ya Marekani, ndo inaitwa Lau dhidi ya Nichols, hukumu ikatoka Januari 1974 na majaji wote walikubaliana. Walichosema ni kwamba ukimpa mtoto kitabu kilekile, mwalimu yuleyule na mtaala uleule wakati haelewi kinachosemwa, hapo hujampa usawa wowote. Soma hiyo afu mfikirie mpwa wa mjomba na bata lake.

Mwaka huohuo 1974 bunge lao likapitisha sheria ya fursa sawa za elimu, ikasema wazi kwamba jimbo likishindwa kuchukua hatua zinazofaa kumuondolea mwanafunzi kizuizi cha lugha kinachomzuia kushiriki masomo sawa na wenzie, limevunja sheria, na anayeumizwa anaweza kwenda mahakamani mwenyewe. Hii ni muhimu kuliko watu wanavyojua kwa sababu mwaka 2001 mahakama ilikuja kupunguza makali ya ile sura ya sita, ikasema mtu binafsi akitaka kuitumia kushtaki lazima kuwe na ubaguzi wa makusudi. Lakini ile ya 1974 haikuguswa, na haidai uthibitishe kwamba mwalimu ana roho mbaya. Inatosha kuonyesha mtoto anazuiwa na lugha na shule haijafanya cha maana.

Sasa cha maana ni kipi? Jibu lilitoka hukohuko Texas, mji unaitwa Raymondville, baba mmoja anaitwa Castañeda akaishtaki shule ya wanae, mwaka 1981 mahakama ya rufaa inayosimamia Texas ikaweka vipimo vitatu. Mpango wa shule uwe na msingi wa kitaalam unaokubalika, uwe na walimu na vifaa vya kuutekeleza kweli sio kwenye makaratasi, na baada ya muda uonyeshe matokeo, kama hauleti matokeo waubadilishe. Kupaka rangi bata hakupiti hata kipimo cha kwanza.

Ile amri ya Machi 2025 ya kufanya Kiingereza lugha rasmi ipo ndio, na mwaka huohuo wizara yao ya elimu ikaondoa ule waraka mrefu wa Januari 2015 uliokuwa unazifafanulia shule wajibu wao. Ila waraka ni maelezo ya sheria tu, ukiuondoa sheria inabaki palepale, na rais hawezi kufuta sheria ya bunge wala hukumu ya mahakama kwa kalamu. Kilichopungua ni nguvu ya usimamizi, na hilo sikatai.

Kona ya Jamatini

Sawa msomi. Lakini sheria bila msimamizi ni karatasi tu, si umesema mwenyewe usimamizi umepungua? Mdogo wake atalalamika wapi, kwa nani?

Wakili Uchwara

Swali zuri hilo. Njia ya kawaida ni ofisi ya haki za raia ya wizara ya elimu, unapeleka malalamiko bure bila wakili, ndani ya siku 180 tangu jambo litokee. Ila ukweli usemwe, Machi 2025 walifunga ofisi zao 7 za kanda kati ya 12 na ya Dallas iliyokuwa inaishughulikia Texas ilikuwa mojawapo, kwa hiyo ukipeleka leo usitegemee kujibiwa kesho. Mi ningeanzia chini. Mwalimu mkuu kwa maandishi, asiposikia ofisi ya wilaya ya shule maana kule kila wilaya ina mtu wa kusimamia hawa watoto, asiposikia idara ya elimu ya jimbo. Na kila mji mkubwa wa Texas una mashirika ya msaada wa kisheria bure. Shule nyingi ukishaandika barua moja yenye tarehe zinastuka, hazisubiri mahakama.

Na hii ya shemeji kuogopa makaratasi. Hawa wana grini kadi hawana cha kuogopa kabisa, lakini hata asiye na karatasi mtoto wake ana haki ya shule ya umma bure. Hii nayo ni Texas, mwaka 1975 jimbo lilipitisha sheria ya kuzinyima shule hela za watoto wasio na vibali, wilaya ya Tyler ikaanza kudai ada dola 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa namna hiyo, mwaka 1982 mahakama kuu ikasema haikubaliki, kura 5 kwa 4. Inaitwa Plyler dhidi ya Doe. Kwa hiyo shule haitakiwi hata kuwauliza habari za uhamiaji ili kumpokea mtoto. Na kumlipizia kisasi mzazi kwa sababu kalalamika nako ni kosa.

Mwl wa Chamwino

Nimesoma nikasema nisipite kimya maana hii ndo kazi yangu ya kila Januari.

Kona, hili la kutupwa majini. Mi nafundisha fomu wani. Watoto wanatoka huko Mvumi, Bahi, nyumbani wameongea Kigogo, darasa la kwanza wakakutana na Kiswahili, wamekizoea vizuri wamefaulu darasa la saba, wakija kwangu naandika ubaoni kwa Kiingereza baiolojia na jiografia. Ile baseline, yani kozi fupi ya Kiingereza ya mwanzo wa mwaka, inaisha kabla mtoto hajajua kusema sijaelewa. Wewe unawakumbuka waliotoka, mi nawakumbuka na walioishia kukaa kimya miaka minne wananakili ubao kama ulivyo, hadi kosa la mwalimu wanalinakili. Wale hawaji huku kwenye intaneti kutuambia waliogelea. Na sera mpya iliyozinduliwa hapahapa Dodoma Februari 2025 bado imeacha sekondari kwa Kiingereza, kwa hiyo Januari ijayo nitawaona tena.

Tofauti ninayoiona ni kwamba kwetu lugha ya kufundishia ni jambo la sera, mzazi akija ofisini kulalamika mtoto haelewi Kiingereza tunampa pole na kumshauri amtafutie tuisheni. Huko mdogo wako ana kifungu cha sheria anaweza kuingia nacho kwa mwalimu mkuu. Akitumie.

Sasa hii ya kumpima dogo. Mjomba sikiliza vizuri kwa sababu hapa ndo penye hatari kubwa kuliko hata ile karatasi. Mtoto aliyeingia lugha mpya kukaa kimya ni kitu cha kawaida kabisa, wengine miezi kadhaa hawatoi neno, anasikiliza anakusanya. Wataalam wa lugha, hasa Jim Cummins wa Canada, walionyesha kwamba Kiingereza cha kuongea na wenzie uwanjani kinaweza kuja ndani ya mwaka mmoja au miwili, ila kile cha kusomea sayansi na historia kinachukua miaka mitano hadi saba. Kwa hiyo mtu anayemwona dogo kimya kwa muda mfupi akasema ana ugonjwa wa kujifunza amekimbilia mbali mno.

Na sheria yao ya elimu ya wenye ulemavu inamlinda. Hawawezi kumpima bila mzazi kukubali kwa maandishi, na hapo lazima aelezwe kwa lugha yake anasaini nini. Kipimo chenyewe kinatakiwa kifanywe kwa lugha ya mtoto, yani Kiswahili, isipokuwa iwe haiwezekani kabisa. Na hairuhusiwi kumuita mtoto mlemavu ikiwa sababu hasa ni kwamba Kiingereza hajakijua. Kinyume chake pia ni kweli, mtoto mwenye shida ya kweli ana haki ya kupewa vyote viwili, msaada wa lugha na elimu maalum, hawatakiwi kumwambia achague. Sasa mama asiende kukataa kwa hasira tu, aseme nakubali apimwe kwa Kiswahili, na kabla ya hapo nataka kuona mmemfundisha Kiingereza kwa njia gani.

Na wewe mjomba una kazi ya kufanya huku. Nenda Nkuhungu shuleni kwake kachukue ripoti zake za maendeleo, na matokeo yake ya upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, tafuta mtu atafsiri kwa Kiingereza uwatumie. Mtu akiona mtoto alikuwa anapata alama za juu za hesabu kwa lugha yake, hoja ya tatizo la kujifunza inakosa miguu.

Mjomba wa Ipagala

Mwalimu ubarikiwe, kesho asubuhi niko Nkuhungu. Wakili nawe asante nimekopi yote nimemtumia.

Nimeongea na mdogo wangu, fomu ya lugha waliandika Kiswahili afadhali. Sasa swali langu limebaki kwenye ile karatasi ya kukataa. Anasema alimuuliza dada wa mapokezi kwa kutumia simu, akajibiwa umeshasaini basi mtoto ametolewa kwenye orodha subiri mwaka ujao. Kweli hiyo?

Dada wa Kisasa

Uongo huo, na dada wa mapokezi sio mtu wa kuuliza. Mapokezi atakujibu lolote ili foleni isogee.

Mzazi ana haki ya kukataa ile programu ni kweli, ila kukataa kuwe kwa hiari na ameelewa anakataa nini, na anaweza kubadili mawazo wakati wowote, hakuna cha mwaka ujao. Aandike hata mistari mitatu, kwamba mimi mama wa fulani nafuta kukataa kwangu kwa tarehe kadhaa, fomu sikuielewa kwa sababu sikupewa mkalimani, naomba mwanangu aanze kupata huduma sasa. Aweke tarehe, apige picha, abaki na nakala. Anaweza kuandika kwa Kiswahili kabisa, kutafsiri ni kazi yao.

Na hata aliyekataa haondolewi kwenye orodha. Anaendelea kuhesabika kama mwanafunzi anayejifunza Kiingereza, kila mwaka anafanya mtihani wa Kiingereza kama wenzie, na mwalimu wa darasa bado anatakiwa amsaidie aelewe somo. Kwa hiyo hata kama ile karatasi ingekuwa halali, bata halina utetezi.

Wakili Uchwara

Naongezea vya Texas maana kila jimbo lina utaratibu wake. Wao wana kamati kwenye kila shule inaitwa LPAC, mdogo wako akumbuke hizo herufi. Ndani yake kuna walimu, mtu wa utawala na mzazi wa mmoja wa watoto wa namna hii asiyekuwa mwajiriwa wa shule. Ndo inayoamua mtoto aingie mpango gani, inafuatilia maendeleo yake, inaamua lini yuko tayari kutoka. Kuanzia anapoandikishwa wana wiki nne za kumpima na kumaliza huo uamuzi, na kumuingiza kunahitaji ridhaa ya mzazi. Kwa hiyo kwenye barua aombe faili la mtoto lipelekwe LPAC. Ukilitaja hilo jina wanajua umeongea na watu.

Mtihani wao wa kila mwaka unaitwa TELPAS, kusikiliza, kuongea, kusoma na kuandika. Na akishatoka kwenye mpango hawamtupi, wanaendelea kumwangalia angalau miaka miwili, akionekana anadidimia wanamrudishia msaada.

Kitu cha kujua mapema wasije wakakata tamaa. Texas wana sheria kwamba wilaya yenye wanafunzi 20 au zaidi wa lugha moja kwenye darasa la ngazi moja la shule ya msingi lazima ifungue mpango wa kufundisha kwa lugha mbili, ndo maana utaona madarasa ya Kihispania yamejaa. Kamji kadogo hakawezi kufikisha Waswahili 20 wa darasa moja, kwa hiyo dogo atapewa ESL, yani mwalimu mwenye cheti cha kufundisha Kiingereza kwa wageni, ama ndani ya darasa au anatolewa kwa muda. Wasidai mwalimu wa Kiswahili watapoteza muda. Wadai mwalimu mwenye hicho cheti, na wadai hesabu.

Hili la hesabu lisisahaulike kwa sababu shule nyingi zinafikiri zikishampa mtoto saa moja ya Kiingereza zimemaliza. Wajibu ni miwili, afundishwe lugha na asiachwe nyuma kwenye masomo mengine wakati anaisubiri lugha. Hawatakiwi kumpa hesabu za chini ya uwezo wake kwa kisingizio cha Kiingereza, wala kumfungia vipindi vya watoto wenye vipaji, michezo au bendi ya shule.

Kona ya Jamatini

Hapo kwenye hesabu nimekubali, nambari hazina Kiingereza. Ila ile ya kukomaa sijairudisha.

Mwl wa Chamwino

Zina Kiingereza Kona, hesabu zao nyingi ni za mafumbo, maneno mengi swali moja. Ndo maana inabidi aanze kufundishwa maneno ya hesabu kwanza, jumlisha, gawanya, sehemu, asilimia, hata mama anaweza kumbandikia ukutani jikoni. Na wasiache kuongea Kiswahili nyumbani, maana nimesikia wazazi wengine wakifika kule wanaanza kumsemesha mtoto Kiingereza chao cha kubahatisha. Anachokijua kwa Kiswahili ndo atakachokihamishia huko.

Mjomba wa Ipagala

Wadau narudi na mrejesho.

Ripoti nimezipata, mwalimu mkuu wa Nkuhungu kanigongea muhuri bila longolongo, kuna kijana pale karibu na Nyerere Square anatafsiri na kuchapa, nimeskani nimetuma. Mdogo wangu alienda na yule mama Mkongo kumpa moyo, akaomba mkalimani, wakamwambia asubiri, akakaa, baadaye wakampigia mtu wa simu. Anasema alivyosikia Kiswahili kwenye spika alitamani kulia. Barua ya kufuta wameipokea na wamempigia muhuri kwenye nakala yake. Ya kumpima dogo amewaambia sawa ila kwa Kiswahili na baada ya kuona anafundishwaje, mtu aliyekuwa anasimamia hiyo barua akaanza kurudi nyuma, akasema labda tusubiri kwanza tumuone akiwa ESL. Wala hakuhitaji kutaja sheria yoyote, alitaja LPAC tu wakaangaliana.

Mwalimu mwenyewe wa darasa kumbe sio mtu mbaya, alimwambia kupitia mkalimani kwamba hakuwahi kupata mtoto asiyejua Kiingereza kabisa na hakuna aliyemwelekeza, na hajui kwamba dogo alikuwa anajua hesabu. Nikawaza hapo shule ndo ilimuangusha hata yeye.

Sasa wana kikao wiki ijayo saa tisa alasiri ya kwao, shemeji hapati ruhusa kazini. Mdogo wangu anataka niwepo kwa simu. Wataniruhusu? Na kwetu itakuwa saa ngapi?

Dada wa Kisasa

Akiwa amekubali yeye mzazi unaweza kuwepo, mara nyingi wanampa fomu asaini kwamba anaruhusu mambo ya mtoto yazungumzwe mbele yako, kwa hiyo awaambie mapema sio siku yenyewe. Ila usiwe wewe mkalimani, wakikuomba kataa, wamlete wa kwao wewe ubaki mjomba ili ukisikia kitu kimetafsiriwa kombo uulize.

Saa tisa yao ni saa tano usiku yetu, sisi tuko mbele saa nane, ila wakisharudisha saa nyuma Novemba itakuwa saa sita. Nunua bando la kutosha na uchaji simu mapema, huko Ipagala umeme wenu nauelewa.

Wakili Uchwara

Na yule mdogo wa pili je? Umesema watoto wawili. Kama siku ya kuandikisha walisaini makaratasi kwa mkupuo, kuna uwezekano na yeye ana ya kukataa humohumo kwenye faili. Waliangalia?

Mjomba wa Ipagala

Aisee. Wala hatukuwaza. Yeye yuko darasa la pili anachekacheka na wenzie tukaona mambo poa. Ngoja nimpigie saivi kule ndo kumekucha.